Barua ya wazi kwa wakuu wa afya Lamu: kabla hamjanunua doli la kufundishia wauguzi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu, kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti, na kwa wote wanaosimamia mafunzo ya wauguzi na wakunga katika visiwa hivi na bara yake.

Assalaam aleikum, na salamu za heshima kwenu nyote.

Nimefanya kazi ya ukunga hapa hapa Lamu mpaka nikastaafu, na baadhi ya wauguzi mnaowalipa mishahara leo nilikuwa nao wodini walipokuwa atachimenti. Kinachonifanya niandike ni kwamba kila panapotajwa kuboresha mafunzo ya uuguzi, maneno huishia kwenye doli. Doli linalopumua, linalokoroma, linalozaa, lenye mboni zinazosinyaa ukizimulika tochi. Sina ugomvi na doli. Nina wasiwasi na mkono utakaotia sahihi ya kulinunua huku ukiamini kwamba kazi ya kufundisha imekwisha.

Na nianze kwa kusema kwamba Lamu inahitaji mazoezi ya kuigiza, yaani kuifanyia dharura mazoezi bila mgonjwa wa kweli, kuliko Mombasa na Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 ilituhesabu watu 143,920, kuanzia Witu mpaka Kiunga, na watu hao wametawanyika: Amu mjini, Shela, Matondoni, Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu. Zahanati nyingi za huko huzalisha akina mama wachache tu kwa mwezi. Mama anaangaliwa kwa utulivu, alhamdulillahi, lakini mwanafunzi haoni kitu. Dharura za uzazi huwapata wachache kati ya wanaozaa, na penye wanaozaa wachache, kama zahanati ya kisiwani, huenda zisionekane kabisa mwanafunzi akiwepo. Anaweza kumaliza muda wake wote, kitabu chake kimejaa sahihi, na hajapata kuona kifafa cha mimba kikimrusha mama kitandani, wala mabega ya mtoto yakinasa, wala damu ikifoka baada ya kondo kutoka. Kisha anaajiriwa, anapelekwa kisiwa cha ng'ambo, anapangiwa zamu ya usiku peke yake. Ikimjia huko, hana wa kumuuliza.

Ndiyo maana namtaka aione kwanza pahali ambapo hakuna anayekufa.

Jambo hili ni kongwe kuliko umeme. Mwaka 1759 mfalme wa Ufaransa, Louis XV, alimpa kibali mkunga mmoja, Madame du Coudray, azunguke nchi nzima kufundisha wanawake wa vijijini kuzalisha. Alitembea na kiuno cha mama kilichoshonwa kwa kitambaa na ngozi, pamoja na mtoto wa kitambaa wa kupitishwa humo, na mwanafunzi alishika, akageuza, akavuta, akarudia. Hata yule mwanasesere wa kufundishia kufufua pumzi anayejulikana dunia nzima, aliyetoka mwaka 1960, ni kazi ya Asmund Laerdal wa Norwe, mtu aliyekuwa akitengeneza vitu vya watoto vya kuchezea. Mafundi wetu wanaodarizi kofia za vito, tundu moja moja kwa ncha ya sindano, watashindwa na kiuno cha kitambaa? Nipeni mchoro, mimi mwenyewe nitawapelekea.

Wengine wenu hamjapata kuingia chumba cha kuzalia, kwa hivyo niwaeleze zoezi moja ninalolipenda. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Koroga humo rangi nyekundu ya unga, ile ile inayotiwa mabuyu. Tandika leso mbili kitandani, mwaga chupa yote, kisha waite wanafunzi waseme ni kiasi gani. "Kikombe, mwalimu." "Kama mililita mia mbili hivi." Leso zimekunywa, godoro limekunywa, na nyingine imechuruzika chini ya kitanda ambako hakuna aliyeinama kutazama. Sasa kumbuka kwamba nusu lita ndicho kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani limekitumia miaka mingi kusema kwamba mama huyu anavuja damu kupita kiasi. Hao vijana wote wangemwacha alale.

Na kosa hilo si la vijana pekee. Wakunga wazoefu nao hukisia pungufu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulimtandikia mama plastiki yenye mfuko na mistari ya kipimo, damu ikasomwa badala ya kukisiwa, na ilipofika kiwango cha hatari dawa, dripu, kusugua tumbo na uchunguzi vikafanywa kwa mkupuo badala ya kimoja kimoja. Akina mama waliovuja damu vibaya mno, au wakapasuliwa au kufa kwa sababu yake, walipungua kwa asilimia 60. Plastiki ile haina waya wala kompyuta. Wafanyakazi wa hospitali hizo walifundishwa kuitumia, wakapangiwa nani afanye nini, wakafuatiliwa.

Zoezi linaendelea. Muuguzi mmoja, mzoefu, anavaa tumbo la kitambaa kiunoni. Yapo yanayouzwa tayari, kama lile liitwalo MamaNatalie, na yapo ya kushonwa nyumbani. Ndani yake umefichwa mfuko wa maji mekundu wenye mrija anaoufungua na kuufunga mwenyewe. Anajifungua mtoto wa plastiki, watu wanafurahi, kisha anaanza kulalamika kizunguzungu. Anafungua mrija. Mwanafunzi anayeongoza anapiga kelele: "Mtu alete dripu!" Hakuna anayeleta. Wanne wamesimama, kila mmoja akimtazama mwenzake kama anayesema "ni wewe umeambiwa". Mwalimu mwenye huruma hapa hutamani kuingilia. Asiingilie. Damu iendelee kutoka, leso zilowe. Baadaye mwongozaji anazinduka, anamwita mmoja kwa jina lake achome dawa ya kukaza mfuko wa uzazi: "Oksitosini yuniti 10, msulini." Naye anajibu kwa sauti: "Yuniti 10, msulini. Nimechoma, saa tano na dakika nne." Hapo chumba kinabadilika. Mmoja anasugua tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukaze, mwingine anatoa mkojo kwa katheta kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia mfuko huo usikaze, mwingine yuko kwenye simu anaomba boti. Hata mama wa kuigiza anatulizwa, maana mwanzoni hakuna aliyekumbuka kuzungumza naye.

Halafu mnakaa, nyote, mkiwemo aliyevaa tumbo. Kikao hiki baada ya zoezi ndicho chenye thamani, na ndicho kinachorukwa kila mahali kwa kisingizio cha muda. Mwalimu haanzi na "ulikosea wapi". Anauliza nani aliyeiona damu kwanza, na baada ya kuiona alifanya nini. Siku moja msichana mmoja alijibu kwamba alijua tangu mwanzo oksitosini haijachomwa, ila aliyekuwa akiongoza ni mkubwa wake, akaona haya kumsahihisha mbele za watu.

Jibu hilo nimelifikiria sana. Sisi watu wa Amu tumelelewa kwa adabu na sitaki adabu hiyo iondoke. Lakini iko namna ya kusema penye damu bila kumvunjia mtu heshima: "Dada, oksitosini bado." Ni maneno matatu tu, na bado hayatoki mdomoni kwa kusomewa kwenye ubao. Yanataka kusemwa kwa sauti, mara nyingi, na mkubwa naye azoee kujibu "ahsante" bila kununa. Pasipo kikao kile, msichana yule angeondoka na haya yake mpaka zahanati atakayopangiwa. Na mwalimu anayekigeuza kikao kuwa mahakama, akamwaibisha mwanafunzi mbele ya wenzake, heri asikifanye kabisa. Kesho yake hakuna atakayejitolea kuongoza.

Hayo ndiyo mazoezi ya kuigiza. Sasa niwaeleze nilichokiona kwingine. Kuna chuo kimoja hapa pwani, sitakitaja, kilichopata doli la bei ghali kutoka ng'ambo. Nilipolitembelea lilikuwa limefunikwa nailoni. Ufunguo wa chumba alikuwa nao mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa safarini. Programu yake ya kompyuta ilitaka kulipiwa upya, aliyefundishwa kuiendesha alikuwa amehamishwa, na hewa ya chumvi, mnaijua wenyewe inavyofanya, ilikuwa imeshaanza kazi kwenye vyuma. Doli hilo huvuliwa nailoni wageni wakija, likapigwa picha, likafunikwa tena. Wanafunzi wa mwaka wa pili waliniambia hawajapata kuligusa. Mkiuliza kama chuo kina vifaa vya kisasa, mtajibiwa ndiyo.

Tofauti na hayo, tazameni walichofanya jirani zetu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kufundisha wakunga kumsaidia mtoto asiyelia, kwa mwanasesere mdogo wa kujazwa maji, mfuko wa kupulizia hewa na barakoa yake, ndani ya ile dakika moja ya kwanza wanayoiita ya dhahabu. Katika hospitali nane zilizofuatiliwa, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Lakini hospitali ya Haydom, kule Manyara, iligundua jambo linalotuhusu zaidi. Baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga wake walifanya vizuri sana kwa mwanasesere, na chumbani kwenye watoto wa kweli hakuna kilichobadilika. Hawakuagiza mwanasesere wa bei kubwa zaidi. Walimweka yule yule jirani na chumba cha kuzalia, wakafanya mazoezi ya dakika chache kila wiki, zamu kwa zamu, na mengine marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Haya hayapaswi kuwa mageni kwa mtu wa Lamu. Hakuna mtoto wa madrasa aliyehifadhi juzuu kwa semina ya siku tatu yenye chakula cha mchana na nauli.

Mtaniambia hayo ni ya watoto na akina mama tu. Nimeyachagua kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Wenzangu wa wodi ya watoto na ya majeruhi watawaletea yao, na hoja itakuwa ile ile.

Kuna zoezi moja ambalo haliwezi kufundishwa Nairobi, nalo ni la boti. Mama akivuja damu Kizingitini, safari ya rufaa ni ya baharini, na Siyu boti haifiki mpaka maji yajae. Njiani mkunga anaweza kulazimika kuukandamiza kwa ngumi mshipa mkuu wa damu tumboni ili damu ipungue mpaka afike kwa daktari. Kitandani ni rahisi. Ndani ya boti mwezi wa saba, kusi limevuma, wimbi linapiga ubavuni, umepiga magoti juu ya mbao zenye maji, mkono unachoka kabla ya kufika nusu ya njia, na dripu hakuna pa kuitundika ila mkono wa nahodha au wa mume wa mama. Nani atampokea mkandamizaji akichoka? Watabadilishanaje boti isiinamie upande mmoja? Simu mnapiga mkiwa wapi, wakati mtandao unakatika mkitoka tu? Haya yajaribiwe mchana, kwa doli la kitambaa lenye uzito wa mtu, nahodha akiwemo kama mmoja wa wanafunzi. Nahodha ndiye anayejua wapi pa kupunguza mwendo, na hajawahi kuulizwa.

La pili ambalo doli halitaliweza ni kuzungumza. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Howard Barrows, alianza kuwatumia watu wazima wa afya waliofundishwa kuigiza ugonjwa, ili wanafunzi wajifunze kuuliza na kusikiliza. Sisi tunao watu hao tele. Wanafunzi wengi wanatoka bara, Kiswahili chao ni cha shule, na wanapofika Kiunga wanakutana na bibi wa Kibajuni anayesema Kitikuu safi, lahaja ya kwao, amemleta mkaza mwana wake, na hataki mvulana amguse. Kijana yule akisema "lala hapo, vua nguo", amekwisha. Mama atarudi nyumbani, na safari ijayo hataletwa. Walipeni bibi watatu wanne posho ya siku, waje wawasumbue wanafunzi hasa, wakatae, wabishane, waulize "na wewe umezaa wangapi?" Hakuna kompyuta itakayowauliza hivyo.

Nisije nikaonekana nauza kitu. Mazoezi ya kuigiza hayachukui mahali pa wodi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2014, uliohusisha vyuo kumi vya uuguzi, ulionyesha kwamba hadi nusu ya saa za wodini zinaweza kugeuzwa kuwa za kuigiza na wahitimu wasipungukiwe, ila vyuo vile vilikuwa na waalimu waliofundishwa kazi hiyo hasa na vifaa vya kutosha. Atakayelichukua neno "nusu" akaacha mengine, ili asajili wanafunzi maradufu bila kuongeza waalimu, atakuwa ametudhulumu. Na glovu zikikosekana wodini, nunueni glovu kwanza. Sitaki kusikia kwamba barua yangu ilitumiwa kuhamisha fedha za glovu.

Jambo dogo, lakini lina hatari yake: vifaa vya mazoezi vikae mbali na vya wagonjwa, vipakwe rangi, viandikwe kwa herufi kubwa. Dawa iliyopita muda wake inafaa kufundishia kuvuta sindano, na hatari yake ni ile siku chupa moja inaporudi kwenye kabati la wodi. Marekani, mwaka 2014, dripu zilizotengenezwa kwa ajili ya mafunzo zilifikishwa kliniki zikatiwa kwenye mishipa ya wagonjwa wapatao 40. Kama kwao limetokea, kwetu, penye kabati moja na ufunguo mmoja, litatokea upesi zaidi.

Najua kikwazo chetu kingine. Vyuo vya tiba vya serikali viko chini ya serikali kuu, hospitali na zahanati ziko chini ya kaunti tangu ugatuzi wa mwaka 2013. Mwanafunzi yuko katikati. Chuo kinasema zoezi la wodini ni la hospitali, hospitali inasema mwanafunzi ni wa chuo. Nawaomba mkae meza moja na kuandika nani ni mwenye dhamana: muuguzi mmoja katika kila kituo kinachozalisha, ambaye kuendesha zoezi la kila wiki kumeandikwa kwenye zamu yake kama kazi, wala si hisani anayoifanya akishachoka. Dakika kumi na tano zinatosha. Wakija wanafunzi, waingie humo humo pamoja na wafanyakazi. Tumbo la kuvaa na mwanasesere wa mtoto vifike Faza, Mpeketoni, Witu na Kiunga kabla ya kununuliwa chochote cha kukaa chumba chenye kiyoyozi hapa mjini. Mafuta ya boti kwa zoezi la baharini yatengwe mapema, kila msimu mara moja, kusi na kaskazi. Na liwepo daftari moja kila chumba cha kuzalia, liandikwe nani alifanya zoezi, lini, na dakika ngapi zilipita kabla ya dawa ya kwanza kuchomwa. Mkija kukagua, ombeni daftari hilo kabla ya kuonyeshwa chumba.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mimi nitakuja, inshallah, na tumbo langu la kitambaa na chupa yangu ya maji ya mabuyu. Naomba dakika ishirini, na naomba mjumbe mmoja wa Kamati ya Afya ajitolee kuongoza zoezi mbele ya wenzake. Leso nitaleta mwenyewe.

Wenu kwa heshima,

Mkunga mstaafu,
Langoni, Lamu